Tangi tupu si tupu

Wandugu, nilipotea kidogo, shughuli za chumba cha habari mnazijua. Leo nina habari ya gereji.

Mjomba wangu ana Landrova Series III, ile fupi, tangu ujana wake. Tangi limeliwa na kutu na linavuja, akanituma nisimamie likitolewa na kuchomelewa. Nikalipeleka gari gereji moja hapa Dodoma. Kwa wasiolijua, tangi lake limekaa chini ya kiti cha dereva. Unamwaga mafuta kwa nati ya chini, unachomoa waya wa geji, bomba la mafuta na mpira wa kujazia, halafu unafungua bolti na kulishusha.

Nati ikagoma kwa kutu. Kijana wa gereji, sidhani kama ametimiza miaka 18, akavuta petroli kwa mpira na mdomo, akatema, akacheka. Betri haikuguswa. Tangi lilipotua chini fundi akasema, "Limekauka hili, lete mashine tuchomelee." Nami, msomi mzima wa chuo kikuu, nilikuwa nimeshamwambia mara mbili afanye chapuchapu!

Mzee mmoja aliyekuwa akisubiri gari lake akainuka. "Wanangu, mnataka kutuua?"

Alikuwa sahihi. Petroli ya majimaji siyo inayolipuka, ni mvuke wake. Mvuke huo hutoka hata kwenye baridi kali, sembuse jua la Dodoma, na kwa kuwa ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni. Ukifika asilimia 1.5 hivi ya hewa, cheche moja inatosha. Tangi lililojaa pomoni halina nafasi ya hewa ndani. Lililomwagwa ndilo bomu.

Agosti 10, 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro, likalipuka, na watu zaidi ya 100 wakafariki. Wengi wetu tuliwaita wachota mafuta wale wajinga. Je, mimi niliyesimama pembeni ya tangi lile nikiangalia saa, niitweje?

Tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Lakini leo sitaki kuilaumu serikali wala fundi. Namlaumu mteja. Oktoba 2024 wapenzi wa Land Rover walifurika Arusha kwa tamasha lao, magari yanang'aa. Haya magari tunayapenda kweli, ila ikifika bei ya ufundi tunabishana mpaka senti ya mwisho, na anayelipia tofauti ni yule kijana mwenye petroli mdomoni.

Kabla hujaacha gari, dai mambo manne: betri ichomolewe kwanza, mafuta yavutwe kwa pampu ya mkono, kazi ifanyike nje penye upepo, na tangi lisiguswe na moto mpaka apatikane fundi anayejua kuondoa mvuke. Ukimkosa, nunua jingine.

Tangi la mjomba halikuchomelewa. Amenuna kwa gharama, atazoea. Ninyi wenzangu mnasemaje?