Nyumba bila Ardhi

Katika habari zinazosimuliwa juu ya bandari ya Kilindini, kisiwani Mombasa, aghalabu sifa huendea gati zilizojengwa katika miaka ya 1920 ili meli kubwa zipate kufunga kando ya nchi kavu, na reli iliyopeleka shehena bara, na makampuni yaliyotajirika kwa upakuzi. Lakini ni nadra mwandishi wa habari hizo kuuliza yule hamali aliyebeba magunia mchana kutwa, akiajiriwa leo na kesho akiambiwa hakuna kazi, usiku alilala wapi. Serikali na matajiri wa bandari walijenga landhi, yaani makao ya wafanyakazi, kwa watu wachache, nao waliosalia, ambao ndio wengi, wakaachwa wajitafutie. Na walipojitafutia walifika mtaa wa Majengo, papo hapo kisiwani.

Nyumba ya Majengo ilikuwa na taratibu yake. Kuta zake ni fito zilizofungwa kwa kamba na kukandikwa udongo, na paa lake ni makuti, mpaka mabati yalipoingia. Mbele pana baraza ambapo jirani huketi jioni, na ukiingia mlangoni wakuta ukumbi mrefu uliopita katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, ukaishia uani penye jiko na choo. Mwenye nyumba, ambaye mara nyingi alikuwa mwanamke mjane au mtalaka aliyeweka akiba yake katika fito na udongo, hukaa chumba kimoja na kupangisha vilivyobaki, hata pakawa chini ya paa moja mtu wa Rabai, mtu wa Nyanza, mtu wa Ukambani na Mngazija, wote wakipokezana kuoga na wote wakimwita mwenye nyumba mama. Mama huyo alijua nani amepata kazi melini na nani amerudi mikono mitupu, na alijua pia, bila kusoma kitabu cha hesabu, ni kodi ya nani ingojewe. Mimi husema kwamba faida ya bandari ilitiwa ruzuku na wanawake hawa, wala hapana kampuni iliyowaandikia shukrani.

Palipokuwa na watu wengi vyumbani palikuwa na maneno mengi barazani. Mwaka 1939 wafanyakazi waligoma, na tume ya Willan ikaundwa kuchunguza hali zao, kodi na msongamano wa makazi vikiwa miongoni mwa malalamiko makubwa. Lakini mgomo uliobaki katika kumbukumbu ni ule ulioanza tarehe 13 Januari 1947, wakati watu wapatao 15,000, wa bandarini na wa reli, wa mahotelini na hata watumishi wa majumbani, walipoweka chini kazi kwa takriban siku 12, mpaka Eliud Mathu, mjumbe Mwafrika wa Baraza la Kutunga Sheria, alipokuja kuwasihi warejee. Chege Kibachia, aliyeongoza chama chao cha wafanyakazi, alikamatwa mwaka huo huo, akahamishwa mbali na mji. Mtu wa kibarua hana akiba ya siku 12. Kwa hiyo naamini, ingawa sina hati ya kuonyesha, kwamba mgomo ule uliwezekana kwa sababu huko Majengo kodi iliweza kungoja na sufuria ya jirani haikuwa mbali.

Basi jambo linalonikera juu ya nyumba hizo ni hili. Baada ya Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908, iliyowataka wenye kudai ardhi ya pwani wapeleke madai yao serikalini, waliopata hati waligawa viwanja na kuvikodisha kwa mwezi, na mwenye nyumba akamiliki kuta na paa lakini si mchanga uliozibeba. Kwa ada ya pwani, inayoafikiana na fikihi ya Kiislamu, hilo halikuwa jambo la ajabu, kwani mwenye mnazi aweza kuwa mbali na mwenye shamba. Sheria ya Kiingereza, kinyume chake, hushika kwamba kilichosimikwa ardhini ni cha ardhi. Ada ilidumu maadamu mwenye kiwanja na mwenye nyumba walijuana na kuzikana. Siku hizi kiwanja chauzwa kwa mtu asiyewahi kukanyaga baraza ile, ghorofa zapanda, na aliyerithi nyumba kwa nyanya yake huambiwa abomoe aende zake.

Wako wasemao kwamba ghorofa huleta vyumba vingi zaidi, na neno hilo si la kupuuzwa, maana kisiwa hakiongezeki. Hata hivyo sioni insafu yoyote katika kumlipa mwenye mchanga thamani yote, na mwenye nyumba asipate hata senti moja. Kiwanja chenye nyumba ya mtu kinapotaka kuuzwa, mwenye nyumba hiyo na apewe haki ya kwanza ya kununua, tena kwa muda wa kutosha kuchanga fedha. Akishindwa, alipwe thamani ya nyumba kabla ukuta haujaguswa. Na zile stakabadhi za kodi ya ardhi, zilizohifadhiwa kashani miaka na miaka, zipokewe kortini kuwa ni ushahidi.