Pumba Tupu Hazikuzi Samaki

Tabora si mgeni wa samaki aliyetoka mbali. Njia ya misafara iliyotoka Ujiji na kupita Unyanyembe kuelekea Bagamoyo iligeuka kuwa njia ya dagaa wa Ziwa Tanganyika baada ya Reli ya Kati kufika Kigoma mwaka 1914. Kwa hiyo wito wa kumtaka mwananchi wa mkoa huu afuge samaki wake mwenyewe ni wito wa haki. Kinachostahili kulaaniwa ni namna wito huo unavyotekelezwa.

Mwananchi huambiwa achimbe bwawa, apandikize vifaranga, kisha arushe pumba za mahindi asubuhi na jioni. Mtendaji hulihesabu bwawa hilo katika taarifa yake na kwenda zake. Siku ya kuvua, perege hawazidi kiganja cha mkono. Hapo lawama hutupiwa maji, mbegu, au uvivu wa mkulima!

Ni kweli kwamba perege huzaana mapema bwawani hata wakabanana na kudumaa. Lakini hilo lisiwe kichaka cha kujificha. Katika pumba za mahindi, protini ni kama sehemu 10 tu katika kila 100. Perege mchanga huhitaji sehemu 30 au zaidi, na kambale humzidi. Wanga humpa samaki nguvu, lakini nyama hujengwa kwa protini. Pumba hufaa pale ambapo bwawa limerutubishwa kwa samadi hata maji yakawa ya kijani, kwa maana vijimea na vijidudu vya majini ndivyo vinavyoziba pengo. Samaki wakizidi, chakula hicho cha asili hakitoshi. Wakuu wa misafara walilijua jambo hili bila shahada yoyote: mpagazi asiye na posho hafikishi mzigo.

Wapo wanaoshauri dagaa wasagwe. Dagaa wana protini bora, hakuna anayebisha. Lakini hao ndio kitoweo cha mtoto wa maskini. Kumnyima mtoto ili kumnenepesha perege atakayeuzwa hotelini ni hesabu ya ajabu. Dagaa kidogo watengewe vifaranga, na sehemu kubwa ya protini itoke katika mashudu.

Na mashudu si bidhaa ya ng'ambo. Alizeti na karanga hukamuliwa nchini, na pamba hulimwa Igunga na Nzega. Lakini hapa ndipo elimu inapotakiwa. Mashudu ya pamba yana gosipoli, sumu inayodumaza samaki yakizidi. Mashudu ya karanga yaliyoota ukungu hubeba sumukuvu. Soya nayo sharti ikaangwe, kwani ikiwa mbichi huzuia tumbo la samaki lisimeng'enye protini. Mkulima atayajuaje haya ikiwa anayemtembelea huja na daftari la kuhesabia mabwawa tu?

Majaribio ya kufuga perege yalianza Korogwe na Malya mwaka 1949. Baada ya zaidi ya miaka 70, si haki mkulima aendelee kubahatisha. Shule zenye mabwawa zigawe bwawa mara mbili, upande mmoja pumba, upande wa pili pumba na mashudu, na wanafunzi wapime samaki kwa mizani kila mwezi mbele ya wazazi. Na taarifa yoyote ya ufugaji isiyosema samaki walilishwa nini na walifikia uzito gani irudishwe kwa aliyeiandika.