Pikipiki Moja, Watu Wawili: Safari ya Visiwa vya Ssese

Barua tuliyoichagua juma hili imetoka kwa dada mmoja mkaazi wa Kampala. Anaeleza kwamba yeye na mumewe wamekaa katika ndoa miaka kumi na mmoja, na tangu siku ya arusi yao hawajapata kusafiri pamoja isipokuwa kwenda mazishini au kwenye arusi za watu wengine. Sasa mumewe, ambaye ana pikipiki yake mwenyewe, amependekeza wawaache watoto kwa shangazi yao, wafunge hema na sufuria, waende kulala siku tatu katika kisiwa cha Bugala. Dada huyu anatamani kwenda, lakini analiogopa ziwa. Na mama mkwe wake amekwisha kusema kwamba mke wa mtu hapandi pikipiki kwa kutanua miguu, wala halali porini kama mchunga ng'ombe. Anauliza: "Je, niende, au nimwambie aende peke yake?"

Tunamjibu waziwazi: nenda, dada yetu, ila kwa sharti moja ambalo tunataka bwana wako alisome pamoja nawe. Ye yote kati yenu atakaposema "Tusimame," safari na isimame, na sababu iulizwe baadaye. Watu wengi hudhani kwamba aliyeshika usukani ndiye mwenye safari, na aliyekaa nyuma ni sehemu ya mzigo. Hilo si kweli barabarani, wala si kweli nyumbani. Aliye mbele anatazama mashimo. Aliye nyuma ndiye aghalabu husikia kwanza kamba iliyolegea, na ndiye huhisi kwamba mwenziwe amechoka na ameanza kuyumba. Kwa kuwa upepo huchukua maneno, patanenei ishara kabla ya kuondoka: kupigwa begani mara moja ni "punguza mwendo", mara mbili ni "simama". Mume asiyeweza kuitii ishara hiyo asimchukue mkewe.

Sasa tuitazame njia yenyewe. Kutoka Kampala hadi Masaka ni kiasi cha kilomita 130. Mtavuka mstari wa Ikweta hapo Kayabwe, kisha mtapita katika bwawa la Lwera, ambako wauza samaki husimama kando ya barabara na upepo wa ziwa humpiga mwendeshaji ubavuni. Sehemu hii haitaki mwendo wa kasi, kwani malori ni mengi, na lori linapowapita huisukuma pikipiki ndogo kama jani. Tena, kabla ya kuondoka ulizeni habari za njia: Mei 2023 mafuriko ya mto Katonga yaliharibu daraja la barabara hii, na wasafiri wakalazimika kuzunguka mbali. Kutoka Masaka mtageuka upande wa mashariki kuelekea Bukakata, kiasi cha kilomita 40, na huko ndiko kivuko kinakochukua watu na magari mpaka Luku, katika kisiwa cha Bugala. Ondokeni alfajiri, mpate kivuko cha mchana, mfike penye kambi kabla ya jua kutua. Kusimika hema gizani, mahali msipopajua, ni chanzo cha ugomvi na cha ajali pia.

Mzigo una hesabu yake. Kitabu cha pikipiki hutaja uzito ambao chombo kimeundwa kuuchukua, na uzito huo ni pamoja na nyinyi wenyewe. Mume wa kilo 75 na mke wa kilo 65 wamekwisha kutimiza kilo 140. Kwa pikipiki ndogo ya cc 100 au 125, kinachobaki ni kidogo mno. Kwa hiyo chukueni hema jepesi, chandarua, shuka mbili, sufuria moja yenye kifuniko, tochi, kamba, dawa za huduma ya kwanza, na vyombo vya kuzibia tairi. Vitu vizito viwekwe chini katika mifuko ya ubavuni, karibu na katikati ya pikipiki; vyepesi ndivyo vifungwe juu ya keria. Mzigo mzito ukiwekwa juu na nyuma kabisa, gurudumu la mbele hukosa nguvu na usukani huanza kucheza. Ongezeni pumzi ya tairi kama kitabu kinavyoagiza kwa watu wawili, na mnyororo ukaguliwe baada ya mzigo wote kupakiwa.

Tunafika sasa kwenye neno la mama mkwe, na halifai kupuuzwa, maana ndani ya hofu yake mna heshima. Lakini kukaa upande juu ya pikipiki, jinsi wanawake wengi wanavyobebwa na boda boda mjini, ni hatari kubwa katika safari ndefu. Uzito huangukia upande mmoja, miguu haina pa kukanyaga imara, na breki zikifungwa ghafula abiria hana cha kumzuia asiruke. Upindo wa gomesi au kitenge unaweza kuvutwa na mnyororo au gurudumu kwa nukta moja. Vaa suruali imara na viatu vilivyofunika kidole na kisigino, ukae kwa kutanua miguu, ukanyage vikanyagio vyote viwili, umshike mwenzio kiunoni, na pikipiki inapolala konani ulale nayo, usivute kinyume. Kitenge kiwe mfukoni, ukijifunge mnapofika mbele za watu. Kofia ngumu ziwe mbili, moja kwa kila kichwa, na kila moja ifungwe kidevuni. Na si wewe, dada, upasaye kwenda kumweleza mama mkwe mambo haya. Ni mwanawe. Mama atalipokea neno kwa wepesi likitoka kinywani mwa mtoto aliyemzaa, naye atajua kwamba mwanawe amekubali dhamana ya safari.

Kuhusu hofu ya ziwa, hatutakuambia kwamba ni hofu ya bure. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, upande wa Tanzania, na watu zaidi ya 220 wakafa. Kiliundwa kuchukua abiria 101. Miezi miwili baadaye, tarehe 24 Novemba 2018, mashua ya starehe ilizama karibu na pwani ya Mukono, hapa kwetu Uganda, ikaangamiza watu zaidi ya 30. Kivuko cha Bukakata ni kifupi, nusu saa au kuzidi kidogo, lakini maji ni yale yale. Mkifika gatini tazameni kwanza. Kama chombo kimejaa kupita kiasi, au kama mawingu meusi yanapanda, hapo ndipo neno "Tusimame" linapopata thamani yake, hata kama itawabidi kulala Bukakata. Mkiisha kuingia, isimamisheni pikipiki barabara, mtie gia, muifunge kwa kamba, kisha muiache. Vueni kofia ngumu na mikoba ya mgongoni, mvae jaketi za kujiokolea, mkae mahali palipo wazi. Pikipiki itanunuliwa nyingine.

Mtakapopanda nchi kavu huko Luku, kumbukeni kwamba kisiwa kilicho kimya si kisiwa kisicho na wenyewe. Visiwa vya Ssese ni 84, na Bugala ndicho kikubwa kuliko vyote. Wakaazi wake wa kale walisifika kwa mitumbwi ya mbao zilizoshonwa, iliyokuwa nguvu ya Buganda juu ya ziwa. Na katika kisiwa cha Bubembe palikuwa na hekalu kuu la Mukasa, ambaye Waganda walimjua kuwa mwenye ziwa. Kisha, mwanzoni mwa karne ya ishirini, uliingia ugonjwa wa malale, ukaua watu zaidi ya 200,000 katika Uganda. Mwaka 1903, huko Entebbe, daktari David Bruce alionyesha kwamba mbung'o ndiye aliyekuwa akiueneza. Na mwaka 1909 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wa Ssese wote hadi bara. Familia ziliacha migomba yao, makaburi yao na mitumbwi yao, na msitu ukafunika viwanja vya nyumba. Waliporuhusiwa kurudi, baada ya miaka kumi na zaidi, wengi walikuwa wamekwisha kufa au kutawanyika. Leo katika Bugala mtaona mashamba makubwa ya michikichi yaliyopandwa katika karne hii, mahali pengine palipokuwa msitu. Kwa hiyo kila mnapotaka kusimika hema, ulizeni mwenye ardhi na mwenyekiti wa kijiji. Ukweni haupitwi bila hodi. Na kijiji vilevile. Ufukweni mwa Lutoboka, karibu na mji wa Kalangala, ziko nyumba za wageni. Ulizeni kama wanaweza kuwapa nafasi ya hema uani mwao kwa malipo kidogo. Hilo ni bora kwa usiku wa kwanza kuliko kujitenga mbali na watu.

Hema lisisimikwe ukingoni mwa maji. Mwaka 2020, na tena mwaka 2024, ziwa lilipanda hata likameza fukwe na nyumba. Na viboko hutoka majini usiku kula majani. Lisisimikwe pia chini ya mti uliokauka matawi. Katika upande huu wa ziwa mvua kubwa hupenda kujikusanya usiku na kushuka karibu na alfajiri, basi chimbeni mfereji mdogo kuzunguka hema ingawa jioni mbingu ni nyeupe. Chakula kifungwe vema, kwa sababu ngedere wa Bugala hawaogopi mgeni.

Na sasa neno ambalo tungependa likatwe na kubandikwa ukutani. Jiko la makaa, yaani sigiri, lisiingizwe hemani kamwe, hata kwa kuota moto, hata mvua ikinyesha, hata makaa yakionekana yamekwisha kuwa majivu. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Aliyelala haisikii, huzidi kulala tu, asiamke tena. Mvua ikinyesha, kuleni ndizi na karanga, mngoje.

Maji ya ziwa yana adui mwingine, naye ni kichocho. Vijidudu vyake hutoka katika konokono wanaokaa kwenye maji matulivu yenye majani ya kando, hupenya ngozi ya mwogaji, na baada ya muda huharibu matumbo na ini. Kwa hiyo msioge ziwani. Maji ya kuoga yachotwe na mtu asiyeingia majini, kisha yachemshwe, au yakae katika ndoo siku mbili kamili. Maji ya kunywa yachemshwe siku zote.

Limebaki jambo la kazi, na hapa tunamgeukia bwana. Iwapo mkeo atateka maji, atapika, ataosha sufuria, atatandika, huku wewe umejinyosha chini ya mti ukisifu uzuri wa ziwa, basi hujampeleka kupumzika, umemhamishia jiko. Kambini gaweni kazi sawasawa. Siku ya kwanza mume apike, mke asimike hema. Siku ya pili mbadilishane. Nunueni ngege mbichi kwa wavuvi mwaloni, mumpake chumvi, mumchome juu ya makaa nje, mle na gonja. Mwanamume atakayeunguza samaki huko ambako hakuna wa kumcheka isipokuwa mkewe, huenda akarudi nyumbani na adabu mpya ya kusema ahsante mezani. Miaka kumi na mmoja ni mingi kwa mtu kukaa bila kuonwa akiwa ameketi.

Kabla ya kuondoka mwachieni shangazi wa watoto karatasi yenye njia mtakayopita, mahali mtakapolala na siku ya kurudi, na atakayepaswa kuarifiwa msipoonekana. Mkirudi, osheni pikipiki, mkaushe hema juani lisipate ukungu. Na kama kwa bahati mbaya mmoja wenu aligusa maji ya ziwa, nendeni zahanati baada ya majuma sita hadi nane mkapimwe kichocho, hata kama hamuumwi. Dawa yake ipo, na huponya.

Hayo ndiyo majibu yetu, dada. Nauli ya safari hii si kubwa, na mizigo yake ni michache. Lililo zito ni lile sharti moja. Mwulize bwana wako leo jioni, watoto wakiisha kulala, kama yuko tayari kusimama utakaposema "Tusimame." Akikubali kwa moyo mmoja, funga kitenge chako mkobani.

Juma lijalo tutawajibu akina mama walioandika kuhusu kuhifadhi maharage ya msimu mpya yasibunguliwe. Kwaherini.