TAMKO LA TAWI: TUTA LA RELI SI VIWANJA VYA DALALI



Jumamosi iliyopita Kamati ya Tawi ilitembea kwa miguu juu ya tuta la reli ya zamani. Tulikuwa wajumbe sita, vijana wanne na mzee mmoja mwenyeji ambaye alikuwa mtoto treni ilipokuwa ikipita hapa. Tulianzia nyuma ya shule saa 12 asubuhi, tukafika kijiji cha tatu upande wa Nachingwea saa 8 mchana. Mjumbe mmoja alirudi na viatu mkononi.

Tulikwenda kwa sababu ya maneno yaliyoandikwa kwenye kundi letu wiki mbili hizi: "Reli ilishakufa, lile ni rundo la udongo tu, waacheni watu wajipatie viwanja." Aliyeandika ni mwanachama wetu, na waliomuunga mkono ni wanachama wetu. Kwa hiyo tunajibu hadharani.

Tulichokiona ni hiki. Kutoka shuleni hadi kwenye kalavati la pili kuna vigingi 41 vyenye rangi nyekundu, vimepigwa katikati ya tuta. Mbele yake tuta limekatwa sehemu mbili kwa ajili ya kifusi. Shimo moja linatosha kuingia tipa na kugeuza. Mikorosho iliyopandwa pembeni na wazee wetu mizizi iko nje.

Huyo anayesema ni udongo tu hajapita kule kipindi cha mvua. Mwezi wa pili na wa tatu bonde lote la mpunga linajaa maji, na njia inayobaki juu ni tuta. Watoto wa kitongoji cha ng'ambo wanakwenda shule juu yake. Bodaboda anayempeleka mjamzito zahanati anapita juu yake. Waliolijenga waliweka makalavati ya zege ili maji yavuke chini, na tuliyoyakagua siku ile manne yalikuwa bado yanapitisha maji. Ukikata tuta bila kuweka kalavati, maji yanatafuta njia ya mkato, na njia ya mkato ni mashamba ya ufuta ya watu ambao hawakuuza kitu wala hawakuulizwa. Tumeshaona mfereji mpya umeanza kwenye ile sehemu ya kwanza iliyokatwa, na mvua zenyewe bado.

Sasa hoja ya pili, kwamba reli ilikufa kwa sababu haikuwa na maana. Hapa mtuvumilie kidogo, maana Katibu wenu alisomea uhasibu na jambo hili linamkera.

Reli hii ilijengwa kwa ajili ya Mpango wa Karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 katika maeneo matatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Walipanga kulima ekari zaidi ya milioni tatu. Matrekta yakashindwa na visiki, mvua ikagoma, karanga hazikuonekana. Januari 1951 serikali yao ilitangaza kuuacha mpango na kuifuta hasara ya karibu pauni milioni 36. Bandari ya Mtwara, iliyojengwa ili ipokee karanga hizo, ilikuja kukamilika mpango umeshakufa. Mara baada ya Uhuru, mwanzoni mwa miaka ya 1960, reli nayo ikafungwa kwa sababu ya hasara, vyuma vikang'olewa. Kengele ya shule yetu ni kipande cha chuma hicho, na mzee aliyetuongoza anakumbuka siku kilipoletwa.

Hesabu ya hasara ilikuwa sahihi kwenye karatasi. Gharama zilikuwa za reli ya karanga, na karanga hazikuwepo. Lakini angalieni kilichofuata. Msimu wa 1973/74 nchi hii ilivuna tani zipatazo 145,000 za korosho, sehemu kubwa zikitoka huku Kusini. Reli ilikuwa imeshang'olewa miaka kumi kabla. Mzigo ulikuja, njia haipo, na tangu hapo mkulima wa huku analipia lori kwenye kila gunia, aone makato hayo au asiyaone. Aliyefunga daftari lile aliangalia mwaka mmoja. Wanaouza vigingi leo wanafanya hesabu ileile, tena kwa haraka zaidi, maana wao wanaangalia mwezi mmoja.

Hoja ya tatu ndiyo inayowaingiza watu mtegoni. Dalali anawaambia wanunuzi kwamba kuna mpango wa Serikali wa reli mpya kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, yenye matawi ya kwenda Liganga na Mchuchuma, kwa hiyo nunua sasa ulipwe fidia baadaye. Mpango huo upo kweli. Lakini ramani inayoonyesha kwamba njia itapita kwenye vigingi hivi dalali hana, tulimwomba akaishia kucheka. Na hata ingepita, fidia analipwa mwenye haki kwenye ardhi. Karatasi ya daftari la shule yenye sahihi ya dalali na mashahidi wawili wa kilabuni haikupi haki hiyo.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, iko wazi. Halmashauri ya Kijiji haigawi ardhi ya kijiji bila Mkutano Mkuu wa Kijiji kuridhia kwanza. Na kama tuta bado liko kwenye hifadhi ya reli, basi hata Mkutano Mkuu hauna mamlaka ya kuligawa. Kwa njia yoyote kati ya hizo mbili, aliyeuza ameuza kisicho chake. Tuliuliza muhtasari wa kikao kilichoruhusu. Hatukuonyeshwa. Tuliuliza stakabadhi za fedha za kifusi, tipa kwa tipa. Tukaambiwa mhusika amesafiri.

Na tusijifanye wasafi. Mjumbe mmoja wa Kamati yetu alilipia vigingi viwili. Ametueleza mwenyewe kabla hatujamuuliza, na ameondoka kwenye vikao vyote vinavyohusu jambo hili hadi liishe. Tunajua hayuko peke yake. Wengine wenu mmetoa fedha za mauzo ya mbaazi, na hasira yenu tunaielewa, lakini ielekezeni kwa aliyezipokea.

Mkutano Mkuu wa Kijiji ni Jumatano saa 3 asubuhi, uwanja wa ofisi ya kijiji. Kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea ana haki ya kuingia na kupiga kura, awe na kadi yetu au asiwe nayo, kwa hiyo njooni na majirani. Tawi litaomba mambo matatu yaandikwe kwenye muhtasari: uchimbaji wa kifusi usimame siku hiyo hiyo, vigingi ving'olewe, na mapato ya kifusi yasomwe mbele ya wananchi kwa tarehe na kiasi. Msikubali kuambiwa ajenda zimejaa. Taarifa ya mapato na matumizi ni haki ya mkutano huo.

Mwanachama aliyemlipa dalali alete karatasi yake kwa Katibu kabla ya Jumanne saa 11 jioni tutoe nakala. Jina lake halitasomwa mkutanoni bila ridhaa yake. Picha za makalavati na mashimo tutazituma usiku huu, mtandao ukikubali.

Kwa niaba ya Kamati ya Utendaji,
Katibu wa Tawi