Mecco ni kituo cha daladala, CCECC ni kampuni



Ukipanda daladala mjini kuja huku kwetu, mkifika maeneo ya Nyakato konda atapaza sauti: "Mecco! Mecco wa kushuka!" Watu wanashuka, gari linaondoka. Vijana wengi wa Mwanza tunalijua jina hilo kama kituo, basi. Wachache wanajua kwamba Mecco ilikuwa kampuni: Mwananchi Engineering and Contracting Company, kampuni ya umma ya uhandisi na ujenzi. Ulipokuja ubinafsishaji ikatoka mikononi mwa umma kama zilivyotoka nyingine nyingi, na sisi tukabaki na jina la kushukia abiria.

Sasa twende upande wa pili wa jiji, Kigongo. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia alizindua Daraja la JPM, Kigongo hadi Busisi, kilomita tatu juu ya maji ya Ziwa Victoria. Zaidi ya shilingi bilioni 700, na serikali yenyewe inasema ni fedha za ndani, yaani kodi yako wewe unayenunua vocha na mafuta ya bodaboda. Daraja ni zuri, tusidanganyane. Aliyewahi kusubiri kivuko pale na mgonjwa ndani ya gari hatamsikiliza mpinzani anayelibeza, na mimi sitalibeza. Nimelivuka. Linapendeza.

Waliolijenga ni CCECC kwa ubia na kampuni nyingine ya Kichina ya reli. CCECC hao hao ndio waliojenga mataa ya juu ya Ubungo, yale ya Kijazi, Dar es Salaam. Na Januari 2021, pale Chato, wao na CRCC walisaini mkataba wa reli ya SGR Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, zaidi ya shilingi trilioni 3. Jiwe la msingi likawekwa Juni mwaka huo. Muda wa mkataba ulikuwa miezi 36. Piga hesabu mwenyewe uone ilitakiwa tupande treni lini, halafu nenda Fela ukaangalie.

Lakini leo sitaki kugombana na ucheleweshaji, hilo tumeshaliandika sana. Nataka tujiulize hii kampuni imetoka wapi, maana historia yake inaanzia hapa kwetu.

Mwaka 1970 ulianza ujenzi wa TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Wazungu walishasema haitalipa. Mwalimu na Kaunda wakaenda China, China ikatoa mkopo usio na riba, na ikaleta mafundi na wahandisi wake wakafanya kazi bega kwa bega na Watanzania na Wazambia maelfu kwa maelfu. Wapo Wachina waliokufa kwenye kazi ile na makaburi yao yako hapa nchini. Reli ilipokamilika, wale waliojifunza kupasua milima ya Mlimba na Makambako hawakuachwa watawanyike kila mtu kijijini kwao. Idara ya misaada ya nje ya Wizara ya Reli ya China, iliyosimamia kazi ile, mwaka 1979 ikageuzwa kuwa kampuni. Ndiyo CCECC. Umeelewa, kamanda? Kampuni inayotujengea leo Busisi ilijifunzia kazi kwenye udongo wetu, na sisi tulikuwepo, tumeshika sururu ile ile.

Wao wakatoka na kampuni. Sisi tumetoka na nini?

Mtu asije akasema hiyo ni bahati ya Mchina. Bwawa la Nyerere kule Rufiji, megawati 2,115, limejengwa na Wamisri, Arab Contractors na Elsewedy. Arab Contractors ilianzishwa na Osman Ahmed Osman mwaka 1955, ikapewa kazi kubwa kwenye bwawa la Aswan, Nasser akaitaifisha, lakini hakuiua. Aliilea kwa kuipa kazi za nchi. Miaka sitini baadaye inakuja kutujengea bwawa sisi. Waturuki wa Yapi Merkezi waliojenga SGR ya Dar hadi Morogoro wako kazini tangu 1965. Kampuni kongwe hazioti kama uyoga. Serikali zao ziliamua kwamba kila daraja na kila bwawa linalojengwa kwao liache nyuma watu wanaojua kujenga lingine.

Na sisi vichwa tunavyo, msidharau. Soko la Kariakoo, lile la mwaka 1975, alilibuni Beda Amuli, Mtanzania. Mpaka leo wanafunzi wa usanifu majengo wanalisoma. Shida yetu ni kwamba tunatoa mtu mmoja mmoja mahiri, halafu hakuna taasisi ya kumbeba aliyefuata.

Nitendee haki na upande wa serikali. Sheria mpya ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 imekuja na utaratibu kwamba kazi za ujenzi zisizozidi shilingi bilioni 50 ziwe za makandarasi wazawa. Ni hatua, na tuliidai. Ila angalia pengo: kutoka bilioni 50 hadi bilioni 700 za Busisi hakuna ngazi. Mkandarasi wa Mwanza atapandaje? Akijenga barabara ya lami ya bilioni 10, analipwa kwa kuchelewa, benki inamla riba, mwaka wa tatu greda linauzwa. Halafu waziri anasimama anasema wazawa hawana uwezo. Kwani uwezo unapatikana wapi kama kazi kubwa hujawahi kuishika hata kwa asilimia kumi?

Tutaambiwa Watanzania waliajiriwa wengi Busisi. Ni kweli, na familia zilikula. Mimi nauliza waliajiriwa kama nani. Wangapi walikuwa wakifunga nondo na wangapi walikuwa ofisini wakipiga hesabu ya nguzo? Kuna kijana wa Kitanzania leo anayeweza kusema, mimi nilisimamia kuchimbwa kwa nguzo ndani ya ziwa, nipeni nyingine? Kama wapo, na naamini wapo, sasa hivi wako wapi? Nani amewakusanya?

Hapa Kisesa kijiweni kuna vijana wenye vyeti vya uhandisi ujenzi wanaendesha bodaboda. Siyo wavivu. Sheria inamtaka mhitimu afanye mafunzo ya vitendo chini ya mhandisi aliyesajiliwa kabla Bodi ya Usajili wa Wahandisi haijamtambua kama mhandisi mtaalamu. Bila mradi wa kumpokea, cheti kinabaki kwenye bahasha ya kaki juu ya kabati. Na mradi wa trilioni 3 unapita Fela, jirani tu, ukifuata ile barabara ya Usagara.

Sina ugomvi na Mchina. Mchina kafanya alichotumwa na nchi yake. Ugomvi wangu ni na aliyekaa upande wetu wa meza siku ya kusaini, akasaini reli bila kusaini shule.

Tunachotaka ni kidogo na kinaandikika. Mkataba wowote unaozidi ile bilioni 50 uwe na kampuni ya Kitanzania kama mbia mwenye sehemu ya kazi iliyotajwa, siyo kampuni ya mfukoni ya shemeji wa mkubwa. Idadi ya wahandisi wanagenzi iwe ndani ya mkataba, na mkataba wenyewe uwekwe wazi tuusome. Waliojenga Busisi wapewe matengenezo yake, wasiitwe wageni miaka kumi ijayo kuja kubadilisha kebo.

Mbunge akija kufanya mkutano hapa Kisesa, msimuulize reli inaisha lini, hilo jibu lake analo mfukoni. Muulizeni reli ya Mwanza–Isaka ina wahandisi wanagenzi wangapi wa Kitanzania, na kampuni gani yetu itabaki na kazi hiyo mkononi Mchina akishapanda ndege. Akijibu kwa asilimia, mwambieni ataje vyeo.