Masurufu ya Kuhama Nyumba

Mtu anayekusudia kuhama nyumba katika miji yetu, hasa Dar es Salaam, ambako mwenye nyumba aghalabu hutaka kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo, na dalali naye hudai ujira ulio sawa na kodi ya mwezi, huyapigia hesabu mambo hayo mawili kwa makini makubwa, akaongeza gharama za kufuli, rangi na mapazia, kisha akajiona amekamilisha tadbiri yake yote. Ilhali gari la kuchukulia vyombo, pamoja na watu watakaovibeba, havimpitikii akilini mpaka siku yenyewe imewadia, kitanda kimekwisha kufunguliwa, na magodoro yamelazwa barazani.

Hapo ndipo inapoanza fedheha tuliyoizoea hata hatuioni tena kuwa ni fedheha. Mwenye kirikuu, yaani kigari kidogo cha mizigo, aliyepigiwa simu asubuhi ile ile, hutaja bei baada ya kuvitupia vyombo jicho. Mwenye vyombo hushusha bei hiyo, si kwa kuwa anaijua iliyo ya haki, bali kwa kuwa mfukoni hana zaidi. Na wakiisha kuafikiana shingo upande, mwenye vyombo huwageukia vijana waliokaa kando ya barabara wakisubiri kibarua, na kile kidogo kilichosalia ndicho kinachogawanywa kuwa ujira wao. Maoni yangu ni kwamba hesabu hii imepinduliwa. Ujira wa hamali ni sharti uwe wa kwanza kuandikwa, kwani ndiyo haki, na kwani kazi yake ndiyo inayoamua gharama yote itafika wapi.

Wengi hudhani kwamba kinacholipiwa ni safari, yaani umbali wa kutoka Mbagala hadi Kimara, na kwa hiyo huuliza habari ya mafuta tu. Kwa kweli, katika uhamisho wa ndani ya mji, sehemu kubwa ya taabu imo katika ncha mbili za safari, pale vyombo vinapotolewa na pale vinapoingizwa. Nyumba iliyo ndani ya vichochoro vya Manzese au Tandale, ambamo gari kubwa halipiti, hulazimu kila kitu kubebwa begani au kusukumwa kwa mkokoteni hadi lilipo gari. Chumba cha ghorofa ya tatu katika jengo lisilo na lifti huzidisha muda wa kazi maradufu. Na mtu wa Mji wa Kale wa Mombasa, au wa Mji Mkongwe wa Unguja, anajua vema kwamba kabati la mbao nzito halipindi kona ya ngazi mpaka limefunguliwa vipande, na kufungua na kufunga ni kazi ya fundi mwenye ujira wake. Fauka ya hayo, mwili wa mwanadamu una mpaka. Pendekezo la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 1967 lilitaja kilo 55 kuwa kikomo cha mzigo ambao mwanamume mzima abebe peke yake, na jokofu kubwa la milango miwili huweza kupita hapo. Basi anayeajiri mtu mmoja kulibeba, kwa kuona mmoja ni rahisi kuliko wawili, anauweka rehani mgongo wa mwenzake pamoja na jokofu lake mwenyewe.

Kadhalika aliyedhani amepata nafuu kwa kukodi kirikuu badala ya lori la Canter hugundua saa tisa alasiri kwamba vyombo havikuenea, na safari ya pili hulipwa kama ile ya kwanza. Nairobi, kampuni za kuhamisha watu hutuma mtu kuikagua nyumba kabla ya kutaja bei, akatazama vyumba, ngazi na mahali pa kuegesha gari. Nasi tunaweza kumwita mwenye gari aje aone, wiki mbili kabla ya siku, wala jambo hilo halimgharimu mtu zaidi ya nauli ya daladala.

Wafanyabiashara wa Bagamoyo wa karne ya 19 hawakuwa wazembe hivi. Aliyekusudia kwenda Tabora au Ujiji hakutoka pwani kabla ya kujua atahitaji wapagazi wangapi, wengi wao wakiwa Wanyamwezi, maadamu alijua kwamba mmoja huchukua kiasi cha frasila mbili, yaani kilo zipatazo 30. Akakadiria ujira wao, na posho ya njiani, na hongo ya kuwapa watawala ambao angepita katika nchi zao. Siisifu dhuluma iliyokuwamo katika misafara ile, nayo ilikuwa kubwa. Nasema tu kwamba mbebaji alikuwamo katika daftari tangu mwanzo.

Waislamu wa pwani wamefundishwa tangu chuoni kwamba mfanya kazi hulipwa ujira wake kabla jasho lake halijakauka, na sijui mtu atalitimizaje hilo ikiwa fedha yenyewe hakuitenga. Makuli wa Mombasa na wa Dar es Salaam waligoma mwaka 1947, na wa Unguja mwaka 1948, wakitaka malipo yanayolingana na ughali wa maisha. Wale walikuwa na wingi wao, na bandari iliyosimama ikawasemea. Hamali wa mtaani leo aghalabu hana chama wala bima, na akiteguka kiuno kwenye ngazi za mtu, huenda nyumbani kwa gharama yake.

Huenda msomaji akasema kwamba mpangaji naye ni maskini. Ni kweli, na kwa ajili hiyo hasa nasisitiza, kwa maana asiyejiandaa ndiye anayelipa bei ya dharura. Tuseme kodi ni shilingi 200,000 kwa mwezi: miezi sita ni 1,200,000, na dalali 200,000. Ikiwa gari na wabebaji, baada ya kuuliza kwa watu wawili watatu, ni 150,000, na tukaongeza 30,000 kwa yasiyotazamiwa, mvua ya masika ikiwamo, basi aliyeweka 15,000 kila mwezi kwa mwaka mmoja anazo zote 180,000, wala halazimiki kumpunja mtu. Na kama hana hata hizo, na apunguze mzigo mapema: auze au agawe kila chombo ambacho thamani yake haifikii gharama ya kukibeba. Kisha maafikiano yaandikwe, japo kwa ujumbe wa simu: bei, idadi ya watu, ngazi, na nani atabeba hasara ya kitakachovunjika.

Waajiri wanaohamisha watumishi wana wajibu mkubwa zaidi. Madai ya walimu ya fedha za uhamisho yamesikika miaka nenda miaka rudi, na baada ya tangazo la Julai 2016 la serikali ya Tanzania kuhamia Dodoma kutoka Dar es Salaam, safari ya kilomita zipatazo 450, jambo hili liligusa nyumba nyingi. Fedha ya kuhama inayofika baada ya mtu kuhama humkuta amekwisha kukopa.

Nao madalali, wanaochukua kodi ya mwezi mzima kwa kazi ya kumwonyesha mtu mlango, wana deni la kumweleza mpangaji, kabla hajatoa senti, gari linafika wapi, ngazi ni ngapi, na kama mwenye nyumba huruhusu vyombo kuingizwa usiku.