Ghala si Makumbusho

Neno makumbusho limezaliwa na kitendo cha kukumbusha, na kitendo hicho hakitimii mpaka pawe na watu wawili: akumbushaye na akumbushwaye. Akiondolewa mmoja, neno hubaki ganda tupu. Jambo hili ni dogo katika sarufi, lakini ni kubwa katika haki, na lilidhihirika Jumamosi moja ya mvua mjini London, siku ambayo marafiki wawili walikwenda kuitazama nyumba iitwayo British Museum.

Mmoja alikuwa mzaliwa wa Ngao, kando ya mto Tana. Wa pili alikuwa mtu wa Tanga. Wote wawili walikuwa wanafunzi ugenini, na walikuwa wamesafiri kwa gari moshi, wakatumia akiba yao kwa nauli na malazi ya siku mbili. Mvua haikuwa ile ya pwani, inyeshayo kwa kishindo kisha ikaondoka. Ilikuwa mvua nyembamba ya baridi, isiyo na haraka, ipenyayo shingoni na viatuni. Waliingia bila kulipa kiingilio, kwa kuwa mlango wa nyumba ile ni wazi kwa kila mtu. Wakajikung'uta maji chini ya paa kubwa la kioo la ua wa kati, kisha wakateremka ngazi mpaka vyumba vya Afrika, vilivyo chini ya ardhi.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nyumba ile ina mambo ya kumfaa mtazamaji. Miongoni mwa mali zake kimo kiti alichokiunda fundi Kester wa Msumbiji mwaka 2001 kwa vipande vya bunduki, masalio ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyokwisha mwaka 1992. Kiti hicho kilinunuliwa, na jina la fundi linajulikana; hapana awezaye kulalamika. Lakini nyumba hiyo hiyo inavyo vibao vya shaba vya Benin, vilivyotwaliwa na majeshi ya Waingereza mwaka 1897, mji ulipotekwa na mfalme wake akaondoshwa. Kuviweka vitu hivi chini ya dari moja na kuviita vyote sanaa ni kuifunika njia iliyovileta. Jina zuri ni shuka nyeupe: hufunika maiti kama lifunikavyo aliyelala.

Mwana wa Ngao hakuja kwa ajili ya shaba wala bunduki. Alikuja kwa ajili ya Ngadji, ngoma kuu ya Wapokomo, ambayo maofisa wa serikali ya kikoloni waliichukua mwaka 1902, na ambayo iliingia katika British Museum mwaka 1908. Alizunguka mara mbili asiione. Alipouliza, alijibiwa kwa adabu kwamba vitu vingi haviwekwi mbele ya watu, bali huhifadhiwa ghalani.

"Usihuzunike, bwana," alisema mtu wa Tanga. "Ingalibaki kwenu ingalikwisha kuliwa na mchwa. Huku imepona, na ulimwengu wote waweza kuiona."

"Waweza kuiona wapi?" aliuliza mwenzake. "Mimi nimetoka Ngao, nimefika hapa na viatu vimejaa maji, nami sikuiona."

Jawabu hilo latosha, walakini hoja za mtu wa Tanga husemwa na wengi, tena wenye elimu, na zastahili kupimwa moja moja.

Hoja ya kwanza ni ya mchwa: kwamba vitu hivi vimepona kwa kuwa vimo katika mikono salama. Mikono gani? Mwaka 2021 mvua ya London yenyewe ilipenya mpaka vyumba vya Wayunani vya nyumba hiyo, na vyumba hivyo vikafungwa kwa miezi. Mwezi Agosti mwaka 2023 wakuu wa nyumba walitangaza kuwa kuna vitu vilivyoibwa, vilivyopotea au kuharibiwa, na hesabu yake ikakisiwa kuwa kama 2,000. Kwa upande mwingine, siwa ya pembe ya ndovu ya Pate, kazi ya karne ya 17, imo katika makumbusho ya Lamu, na Lamu haikuipoteza. Hapana mji usiopatwa na wivi wala maji. Kwa hiyo usalama si hati ya milki. Mtu hanyang'anywi shamba lake kwa sababu jirani ana ua mrefu.

Hoja ya pili ni ya ulimwengu: kwamba vitu vimekusanywa mahali pamoja kwa faida ya wanadamu wote. Nyumba hiyo husema kuwa ina vitu visivyopungua 8,000,000, na vilivyo mbele ya watu ni kama 80,000. Basi katika kila vitu mia, kimoja chaonekana na tisini na tisa vyalala gizani. Na huyo mwanadamu wa wote ni nani? Mkulima wa Tana hutakiwa viza na nauli ya ndege ili akisimamie kitu cha babu yake, na akifika, kitu hakipo kiamboni pa macho. Mwamba ngoma huvutia kwake. Lakini aliyeivuta ngoma ya mwenziwe mpaka nchi nyingine, kisha akaifungia ndani, amekosa hata udhuru wa kuicheza.

Hoja ya tatu ni ya sheria. Husemwa kwamba wadhamini wa nyumba wangependa kurudisha, ila Sheria ya British Museum ya mwaka 1963 yawakataza kutoa mali isipokuwa kwa sababu chache. Ni kweli sheria ipo. Lakini haikuteremshwa kutoka mbinguni. Mwaka 2004 bunge lile lile liliruhusu baadhi ya mabaki ya miili ya watu yarudishwe. Mwaka 2009 liliruhusu mali zilizoporwa na Wanazi zirudishwe kwa wenyewe. Ikiwa mlango wa sheria ulifunguliwa mara mbili, aliye nje mara ya tatu ana haki ya kuuliza kwa nini amefungiwa yeye. Wala mkopo si dawa. Mwaka 2024 dhahabu ya Waashanti ilipelekwa Kumasi kwa mkopo. Na atiaye saini kuwa ameazimwa kilicho chake amekiri kuwa si chake.

Yapo mambo mawili ya mwaka 1963 yafaayo kuwekwa pamoja. Mwaka huo bunge la London lilipitisha sheria hiyo iliyoifungia Ngadji. Mwaka huo huo Kenya ilipata uhuru, na wimbo wake wa taifa ukajengwa juu ya sauti ya wimbo wa Kipokomo wa kubembelezea mtoto. Taifa zima husimama wima kwa heshima ya sauti waliyoitoa Wapokomo, na ngoma ya Wapokomo i kimya. Hapo lawama haiishii ng'ambo. Makumbusho ya Taifa ya Kenya, pamoja na wenzao, wamekwisha kuorodhesha zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya vilivyomo katika majumba ya nchi za nje. Orodha ipo, je, ni wanafunzi wangapi wa vyuo vikuu walioisoma? Ni insha ngapi zimeandikwa kwa Kiswahili kuidai hata ngoma moja?

Jioni, katika gari moshi, mtu wa Tanga aliuliza jambo ambalo hakuliuliza kwa ubishi. "Ikirudi, ni nani kwenu ajuaye kuipiga?"

Mwana wa Ngao aliangalia dirisha lenye maji, asijibu.

Kimya hicho ndicho hasara yenyewe. Mbao hungoja, watu hawangoji. Wazee wazikwa na elimu yao, na kila mwaka wa kuchelewa huongeza uzima wa kitu na kupunguza uzima wa maana yake. Siku ngoma itakapotolewa gizani ikiwa nzima, pasiwepo wa kuipiga wala wa kukumbushwa, waliyoihifadhi watakuwa wamehifadhi kuni. Nyumba ifanyayo hivyo ina jina lake katika Kiswahili, nalo si makumbusho. Ni ghala.